Kisasi cha mtu asiyekumbuka

Filamu ya Memento huanza pale ambapo filamu nyingine za kisasi huishia. Mkono wa mwanamume umeshika picha ya Polaroid, zile picha zinazotoka kwenye kamera na kujisafisha zenyewe mkononi mwa mpigaji. Ndani yake kuna maiti na ukuta uliotapakaa damu. Mkono unaitikisa picha, lakini badala ya kukolea, picha inafifia. Inapauka, inakuwa karatasi tupu, kisha inanyonywa kurudi ndani ya kamera. Damu inapanda badala ya kushuka. Miwani inaruka kutoka sakafuni na kumkaa marehemu usoni, naye anageuka akiwa hai na kupiga ukelele. Kisasi kimekwisha kulipwa, nasi hatujaambiwa hata ni kwa kosa gani.

Kwa mtu aliyekulia kwenye vibanda vya video vya mitaani kwetu, huo ni uvunjaji wa kanuni. Adui mkuu huachwa mpaka mwisho, na akifa kibanda kizima hushangilia, kwa sababu kila mmoja ana hesabu ya maovu yake. Stelingi anapumua, watu wanatoka nje wameridhika. Mwongozaji Christopher Nolan alimuua adui kabla watazamaji hawajakaa vizuri kwenye viti, halafu akatumia karibu saa mbili kuuliza kama kweli huyo alikuwa adui. Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya, na haliwezi kujibiwa bila kufichua mwisho wa filamu. Asiyeiona na anayependa kuiona bila kujua kitu, ayaweke kando kwanza, arudi akishaitazama.

Leonard Shelby, anayeigizwa na Guy Pearce wa Australia, alikuwa mpelelezi wa kampuni ya bima mjini San Francisco. Kazi yake ilikuwa kuchunguza madai ya fidia na kumtenga mgonjwa wa kweli na mwongo. Usiku mmoja alishtuka usingizini, akakuta wanaume wawili wamemvamia mkewe bafuni. Alimpiga risasi mmoja, wa pili akamgonga kichwa, na tangu hapo ubongo wake haushiki jambo jipya. Jina lake analijua, kazi yake anaikumbuka, na uso wa mkewe uko wazi mbele yake kama alimwona asubuhi. Lakini mtu anayeongea naye sasa hivi, dakika chache zijazo atakuwa mgeni kabisa. Anaamini mkewe aliuawa usiku ule. Anaamini muuaji anaitwa John G., na herufi hiyo moja ya jina la pili ndiyo njia yote aliyo nayo.

Kwa kuwa kichwa hakishiki, amevipa vitu vingine kazi ya kukumbuka. Kila mtu anayekutana naye anampiga picha na kuandika maneno kwa kalamu chini yake: huyu ni nani, anaaminika au haaminiki. Kila gari, kila nyumba ya kulala wageni, picha. Mambo anayoyaona kuwa ya hakika kabisa anayachora mwilini kwa tatuu, na kifua chake kina tangazo la mauaji ya mkewe lililoandikwa kinyume ili alisome kwenye kioo kila anapovua shati.

Sasa tuje kwenye mpangilio, maana ndio uliowachanganya watu tangu filamu ilipotoka. Matukio ya rangi yanarudi nyuma. La kwanza tunaloliona ndilo la mwisho kutokea, linalofuata ni lile lililolitangulia, na kila moja linaishia pale tulilokwisha kuliona lilipoanzia. Katikati yake yamechomekwa matukio ya nyeusi na nyeupe, ambayo yenyewe yanakwenda mbele kama kawaida: Leonard yuko peke yake chumbani, ameshika simu, anamsimulia mtu tusiyemwona habari za mgonjwa aliyeitwa Sammy Jankis. Nyuzi hizo mbili zinakutana karibu na mwisho. Leonard anapiga picha ya maiti, picha inaanza kukolea mkononi mwake, na inavyokolea ndivyo rangi inavyoingia taratibu katika filamu yenyewe. Mhariri Dody Dorn, aliyeshona vipande hivyo vyote bila uzi kukatika, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Tuzo ilikwenda kwa Black Hawk Down. Kwa maoni yangu ilikwenda pasipostahili.

Wapo wanaouita mpangilio huu mbwembwe za kijana aliyetaka kuonekana ana akili. Sikubaliani nao hata kidogo. Hadithi hii ingesimuliwa moja kwa moja, tungejua zaidi ya anachojua Leonard, tukabaki kumhurumia kwa mbali. Kwa kurudishwa nyuma, tunaingia kila tukio tukiwa hatuna jana, sawasawa na yeye. Kuna mahali anajikuta anakimbia na hajui kwa nini. Anamwona mwanamume mwingine anakimbia upande wa pili wa magari, anahitimisha kwamba anamfukuza yule. Anapomkaribia, yule anamfyatulia risasi, ndipo anapojua ni nani anayefukuzwa. Mtazamaji naye anakosea pamoja naye, kwa kiasi kilekile. Tena lipo jambo zito zaidi: tumemwona Leonard akiua mwanzoni kabisa, na kila tunaporudi hatua moja nyuma tunatafuta sababu za kumhalalishia. Tunamtafutia ushahidi kama mawakili wake. Nolan alituajiri bila kutuuliza.

Wazo lenyewe lilizaliwa barabarani. Nolan na mdogo wake Jonathan walikuwa wakiendesha gari kutoka Chicago kwenda Los Angeles, na Jonathan akamsimulia hadithi fupi aliyokuwa akiifikiria, ya mtu asiyeweza kushika kumbukumbu mpya anayemtafuta aliyemdhulumu. Jonathan aliiandika kwa njia yake, ikatoka katika jarida la Esquire mwaka 2001. Kaka yake aliiandika kuwa filamu. Ilipigwa mwaka 1999 kwa siku 25 tu katika maeneo ya Los Angeles: vyumba vya bei nafuu, baa, eneo la maegesho, jengo lililotelekezwa. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Venice Septemba 2000 na watu wakaisimamia kwa makofi. Pamoja na hayo, wasambazaji wa Marekani waliikataa mmoja baada ya mwingine, kwa hofu kwamba watazamaji wao hawataielewa. Newmarket, kampuni iliyoigharamia, ikaamua kuisambaza yenyewe Machi 2001, ikianza na kumbi 11. Duniani kote iliingiza karibu dola milioni 40. Watazamaji walielewa.

Hadithi za watu waliopoteza kumbukumbu tunazijua sote. Bwana anagongwa na gari, anaamka hospitalini hamjui mkewe, anaposa mwingine, kisha anaanguka ngazini, anagonga kichwa na yote yanarudi siku ya harusi. Tamthilia ngapi zimeishi kwa hadithi hiyo! Mwaka 2004 Sallie Baxendale, mtaalamu wa Uingereza wa saikolojia na ubongo, aliandika katika jarida la kitabibu la BMJ mapitio ya namna sinema zinavyouonyesha ugonjwa huu, na akakuta nyingi zimepotoka mbali na yanayoonekana hospitalini. Memento ilikuwa miongoni mwa chache alizozisifu.

Sababu ya sifa hizo inaeleweka ukimjua Henry Molaison. Alikuwa kijana wa jimbo la Connecticut aliyeteswa na kifafa, na mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, daktari William Scoville alimfanyia upasuaji akaondoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini kuanzia siku hiyo Molaison hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Angeweza kuzungumza nawe vizuri, kwa adabu na hata mzaha, ukitoka chumbani na kurudi angekusalimia kama mgeni. Alibaki hivyo mpaka alipofariki Desemba 2008, miaka 55 baadaye, na muda wote huo wanasayansi walimtaja kwa herufi mbili tu, H.M. Katika pochi yake aliwahi kubeba vikaratasi vya kujikumbusha kwamba baba yake amekufa na mama yake yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Aliyetazama Memento akisoma habari hiyo atajua kwamba kalamu ya Leonard haikubuniwa hewani.

Mwanasaikolojia Brenda Milner wa Montreal ndiye aliyegundua jambo la ajabu kuhusu mgonjwa huyu. Alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, kazi ngumu kwa mtu yeyote. Baada ya siku tatu mkono wa Molaison ulikuwa umeizoea kabisa kazi hiyo, ingawa yeye mwenyewe hakukumbuka kuwahi kuifanya. Mwili ulijifunza kile ambacho akili haikushika. Miongo kadhaa kabla yake, daktari Édouard Claparède wa Geneva alimsalimia mgonjwa wake wa kike kwa mkono huku ameficha pini kiganjani. Mama yule hakumkumbuka daktari, hakukumbuka kuchomwa, lakini safari iliyofuata aliuvuta mkono wake na akashindwa kueleza kwa nini.

Nolan aliyatia mambo kama haya kwenye hadithi ya Sammy Jankis kwa ustadi. Sammy ni mgonjwa aliyeletwa kwa Leonard enzi za kazi ya bima, mtu aliyepoteza kumbukumbu mpya kama atakavyoipoteza Leonard baadaye. Anapewa mtihani wa kuokota vitu vya chuma, ambavyo baadhi yake vimetiwa umeme. Mgonjwa wa kweli wa ubongo, Leonard anaeleza, mwili wake ungejifunza kuvikwepa. Sammy anaendelea kuokota na kupigwa shoti. Leonard anahitimisha kwamba ugonjwa wake ni wa nafsi, bima haimhusu, na kampuni hailipi. Mke wa Sammy, mgonjwa wa kisukari, anabaki hajui kama mumewe anaigiza. Basi anamjaribu kwa njia ya kutisha: anamwomba amchome sindano ya insulini, anarudisha mishale ya saa nyuma, anamwomba tena, na tena, akingoja mumewe akatae. Sammy anachoma kwa upendo kila safari, kwani kwake kila sindano ni ya kwanza. Mke anazimika na hazinduki. Katika filamu nzima hakuna tukio linaloniumiza kuliko hili. Stephen Tobolowsky anauigiza uso wa mume huyo bila hila yoyote, uso wa mtu anayetaka tu kumtendea mema mkewe.

Molaison anatufundisha jambo moja zaidi. Waliofanya kazi naye walimweleza kuwa mtu mpole ajabu, aliyefurahi kwamba wanachojifunza kwake kitawafaa wengine. Kusahau hakukumfanya mkatili. Kwa hiyo ukatili wa Leonard lazima utafutwe mahali pengine, na mimi nautafuta katika kile alichobaki nacho. Kumbukumbu yake ya mwisho ni mkewe akifa. Haina cha kuisukuma nyuma.

Kwetu msiba una siku zake. Kuna matanga, kuna siku ya tatu, kuna arobaini, na mjane Mwislamu ana eda inayohesabiwa mpaka ikatimia. Wazee hawakuweka siku hizo kwa mapambo. Waliona kwamba huzuni isipopewa muda wa kupita haipiti, na kwamba mfiwa anahitaji kuambiwa na watu: leo umefika hapa, kesho utafika pale. Leonard hana arobaini. Kila anapoamka, mkewe amekufa jana usiku. Kuna tukio ambapo anamwita mwanamke wa kulipwa chumbani kwake, anamwomba apange vitu vya marehemu, kitabu, saa, brashi ya nywele, kisha aende bafuni na kuubamiza mlango. Anataka kuamshwa na sauti ya usiku ule, walau sekunde chache adhani mkewe yuko bafuni. Baadaye anavichukua vitu hivyo na kwenda kuvichoma moto, na huku moto unawaka anawaza kwamba huenda ameshavichoma vingine kama hivi mara nyingi. Anajiuliza atapona vipi asipoweza kuuhisi muda ukipita. Hapo filamu inaacha kuwa ya kipelelezi na inakuwa kilio.

Natalie, mhudumu wa baa anayeigizwa na Carrie-Anne Moss, anamwuliza swali ambalo kila mtazamaji analo: utalipa kisasi kwa faida gani, na wewe hutakumbuka kwamba umelipa? Leonard anamjibu kwamba tendo linabaki na maana hata kama mtendaji hakumbuki, kwamba dunia haitoweki tunapofumba macho. Ni jibu zuri, lenye heshima. Nililiamini nilipolisikia, na ninaamini Nolan alitaka tuliamini, kwa sababu sehemu iliyobaki ya filamu ni ya kuonyesha limejengwa juu ya nini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leonard ndiye mtumishi mtiifu kabisa wa methali hiyo. Anazikataa kumbukumbu hadharani, anamwambia mezani mwenzake aitwaye Teddy kwamba kumbukumbu hubadilisha umbo la chumba na rangi ya gari, na kwamba polisi wazuri hukusanya hoja na maandishi. Katika hilo yuko sahihi. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus alionyesha watu mkanda wa magari yaliyogongana, kisha akawauliza mwendo wa magari hayo kwa maneno tofauti. Walioulizwa kwa neno kali, kana kwamba magari yalisagana, walitaja mwendo mkubwa zaidi, na baada ya wiki wengi zaidi kuliko wenzao walisema waliona vioo vilivyovunjika, wakati havikuwamo. Kumbukumbu inaweza kupotoshwa kwa kitenzi kimoja. Lakini Leonard anaposhika kalamu, anasahau kwamba daftari nalo linaandikwa na mtu.

Anayelijua hilo haraka ni Natalie. Leonard ameingia baa yake akiwa amevaa suti ya mpenzi wake na kuendesha gari lake la Jaguar, na mpenzi mwenyewe, muuza dawa za kulevya aitwaye Jimmy Grantz, haonekani. Natalie anaanza kwa kumpima: anamfanya ateme mate kwenye bia, yeye na mteja mwingine, kisha anampelekea bia hiyohiyo baada ya dakika chache. Leonard anainywa. Baadaye, nyumbani, anakusanya kalamu zote, anazitia mkobani, na kumtukana mume huyu wa marehemu matusi ya kumchoma moyo mpaka anampiga. Natalie anatoka nje akiwa ametapakaa damu mdomoni, anakaa garini akimtazama kupitia dirishani jinsi anavyohangaika kutafuta kalamu aandike. Hapati. Anasahau. Natalie anarudi ndani akilia kwamba amepigwa na mtu mwingine, Leonard anampa barafu na anaahidi kumshughulikia huyo mtu. Ni unyama, lakini si unyama usio na chanzo. Mwanamke huyu ana marehemu wake pia, na muuaji wa marehemu huyo ndiye anayemshikia barafu.

Teddy ndiye yule tuliyemwona akiuawa mwanzoni. Joe Pantoliano anamwigiza kwa masharubu na tabasamu la mtu ambaye huwezi kumkopesha pesa. Jina lake halisi ni John Edward Gammell, na kwa herufi hizo anaingia kwenye orodha. Katika tukio la mwisho tunaloliona, ambalo kwa mtiririko wa siku ni la mapema, Leonard amemwua Jimmy Grantz akiamini ndiye John G. Teddy anafika na kumweleza mambo yake yote kwa mpigo. Anasema yeye ni polisi aliyeisimamia kesi. Anasema mkewe hakufa usiku ule. Anasema mwenye kisukari alikuwa mke wa Leonard, na Sammy Jankis hakuwa na mke. Anasema John G. wa kweli walimpata na Leonard alimwua zaidi ya mwaka mmoja uliopita, na anamwonyesha picha aliyompiga siku hiyo: Leonard anacheka kwa furaha, kidole kimegusa sehemu tupu ya kifua chake, mahali palipoachwa kwa tatuu ya ushindi. Alilipa. Hakukumbuka. Akaanza upya, na Teddy akaanza kumtafutia watu wa kuwaua.

Teddy ni mwongo aliyezoea, na Nolan hakutupa njia ya kuthibitisha kila neno lake. Lakini aliacha alama. Mapema, Sammy akiwa amekaa kwenye kiti katika nyumba ya wagonjwa wa akili, mtu anapita mbele ya kamera, na kwa kupepesa jicho anayeonekana kitini ni Leonard mwenyewe. Ukikosa sekunde hiyo umekosa nusu ya filamu.

Miaka michache baadaye hadithi hii ilivuka bahari. A. R. Murugadoss wa India aliitumia kuunda Ghajini, kwanza kwa Kitamil mwaka 2005 na nyota Suriya, kisha kwa Kihindi Desemba 2008 na Aamir Khan. Ndiyo iliyokuwa filamu ya kwanza ya Kihindi kuvuka rupia bilioni moja za mapato ndani ya India. Mashabiki wa filamu za Kihindi, ambao Pwani ya Afrika Mashariki haijawahi kuwakosa, wengi wao wamemjua mtu mwenye tatuu kifuani kwa sura ya Aamir Khan kabla hawajasikia jina la Guy Pearce. Tatuu zipo, picha za Polaroid zipo, kumbukumbu inadumu dakika 15. Yameongezwa mapenzi, nyimbo za A. R. Rahman, na ucheshi mtamu wa mwigizaji Asin. Siidharau filamu hiyo. Sehemu ya mapenzi imefanya kitu ambacho Nolan hakukifanya, yaani kutufanya tumpende marehemu kabla hajafa. Lakini Murugadoss aliirudisha kanuni ya kibanda cha video. Adui wake, Ghajini, ni mhalifu kweli, tumemwona akiua kwa macho yetu, na mtu asiyekumbuka anamwua mtu aliyestahili. Ugonjwa umebaki kuwa kikwazo cha njiani. Tunashangilia, tunatoka nje tumeridhika.

Nolan alituondolea haki hiyo ya kushangilia. Naiona Memento kuwa kubwa kuliko nduguye kwa sababu ya dakika tano au sita za mwisho, Leonard akiwa amesimama nje ya jengo lile bovu baada ya kusikia maneno ya Teddy. Wakati huo hajasahau. Anajua alichoambiwa, ameiona picha, na tunasikia mawazo yake kwa sauti yake mwenyewe. Anachoma picha ya Jimmy aliyemwua muda si mrefu. Anachoma ile picha ya furaha. Kwenye picha ya Teddy anaandika onyo kwamba uongo wake usiaminiwe. Kisha ananakili namba ya gari la Teddy ichorwe mwilini kama ushahidi dhidi ya John G. Anajiuliza kama anajidanganya ili apate furaha, na anajijibu kwamba kwa upande wa Teddy, ndiyo, anajidanganya. Anawasha gari, anakwenda kwa mchora tatuu. Anapofunga breki mlangoni ameshasahau sababu, na kilichobaki ni namba.

Sheria yetu, na ya wenzetu wengi, hutenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na watetezi wa Leonard husema mtu wa namna hii hawezi kukusudia chochote. Alipofyatua risasi alikuwa akifuata maandishi, alidhani anatenda haki, hakujua zaidi. Yote hayo ni kweli kuhusu Leonard wa siku ile. Si kweli kuhusu Leonard wa dakika zile za nje ya jengo. Yule alijua. Alikuwa na habari zote mkononi, na alichagua kuziteketeza kwa kuwa bila adui hakuwa na kazi ya kuamkia. Kwa hukumu yangu ana hatia ya kuua kwa kukusudia: alipanga mauaji akiwa na akili timamu, akayakabidhi kwa mtu asiyejua kitu, na mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe. Teddy alikuwa mchafu, aliwatumia wagonjwa na kuwaibia wafu. Lakini hakuwa yule aliyeingia nyumbani kwa Leonard usiku ule, na Leonard alilijua hilo alipoandika namba yake.